Stepla ya chuma inatoa pini miguu nje, na inakwama. Imekufa au inatengenezeka?

BintiChumbageni

Habari za mchana wakuu. Naombeni msaada. Jambo lenyewe dogo ila linanila muda wa kazi.

Mimi ni afisa mikopo kwenye SACCOS moja hapa Tanga. Ofisi ina watu wanne na stepla moja: dubwana la chuma tupu, rangi ya kijivu imechubuka mpaka chuma kinaonekana, zito kiasi kwamba feni ikizidi kasi tunaliweka juu ya karatasi zisipeperuke. Alituachia meneja wa zamani alipostaafu. Zile za plastiki tunazonunua huvunjika pale kwenye bawaba kabla hata boksi la pini halijaisha, kwa hiyo hili la chuma ndilo ninalolitegemea.

Shida ya kwanza: pini inapenya karatasi vizuri, lakini kwa nyuma miguu haikunjiki kuingia ndani. Inalala kwenda nje, mmoja kushoto mmoja kulia. Fomu zikishapangwa kwenye boksi faili zinashikana, ukivuta ya mwanachama mmoja inakuja na ya jirani yake. Juzi imenichana kidole, damu ikadondokea kwenye fomu ya mdhamini, na huyo mdhamini yuko Handeni, si mtu wa kumwambia aje asaini upya.

Ya pili: inakwama. Fomu moja ya mkopo kwetu, ukiweka hati za mshahara, fomu za wadhamini wawili, vivuli vya vitambulisho vya NIDA na barua ya mwajiri, inafika kurasa ishirini na kitu. Mikopo mikubwa ina hati ya kiwanja na ripoti ya mthamini, hiyo inapita arobaini. Nikigonga hapo pini ya kwanza inajikunja juu juu, ya pili inaingia nusu, ya tatu haitoki kabisa.

Ya tatu ndiyo imenileta hapa. Nimekwenda steshenari moja Ngamiani, kijana kaniuzia pini zimeandikwa 23/8. Kaniambia, "Hizi ndiyo nzito dada, zinabana mpaka kitabu." Nimezitia, kifuniko hakishuki. Zilizobaki kwenye droo zimeandikwa 26/6. Hizi namba maana yake nini jamani? Wakaguzi wa COASCO, wale wa vyama vya ushirika, wanakuja mwezi ujao na nina rundo la fomu za kubana upya.

Stepla imekufa, au shida ni mimi?

Kiroboto_wa_Posta

Ofisi nzima stepla moja? Gawio la wanachama linakwenda wapi 😂

Dada nunua mpya, hiyo mpeleke anayenunua chuma chakavu akupimie kwa kilo.

MzeeMasjala

Kiroboto, kaa kimya kidogo, watu wazima waongee.

Mwanangu wa Chumbageni, salama? Weka hela yako mfukoni, stepla haijafa. Mimi ni mstaafu wa masjala ya halmashauri, na mashine za namna hiyo nimeziona zikidumu kuliko makarani waliozitumia.

Tuanze na miguu. Fungua hiyo stepla uitazame kwenye kitako, pale mbele pini inapoangukia. Kuna kibati kidogo chenye vijifereji, jozi mbili. Jozi moja ni ya vijifereji vifupi vinavyoelekeza miguu ndani ikutane. Jozi ya pili inaitupa miguu nje. Kibati hicho kinazunguka. Pitisha kidole chini ya kitako utakuta kitufe. Kisukume juu, kibati kitanyanyuka, kizungushe nusu mzunguko, kisha kiachie mpaka kikae sawasawa. Umemaliza. Hapakuharibika kitu. Kuna mtu alikuwa anasubiri simu ipokelewe, vidole vikakosa kazi.

Ule upande wa kutupa miguu nje una kazi yake. Ni wa kubana kwa muda. Rasimu ya muhtasari wa kikao, kwa mfano, unajua kesho itafumuliwa ikapigwe kopi upya. Ukibana hivyo, pini unaivuta kwa ukucha na karatasi haichaniki. Ila kwa kitu cha kuhifadhi usiuguse, ndiyo hizo fomu zako zinatembea na wenzake.

Sasa namba. Ya kwanza ni unene wa waya, na inahesabiwa kinyumenyume. Umewahi kununua mabati? Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Pini ni vivyo hivyo: 23 nene, 24 ya kadiri, 26 nyembamba. Waya wa 24 una kama nusu milimita. Namba ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita. Kwa hiyo 24/6 ni waya wa kadiri, mguu milimita 6. Hiyo 23/8 uliyouziwa ni waya mnene wenye mguu mrefu, na ni ya mashine kubwa zenye mkono mrefu, zile za kwenye maduka ya fotokopi. Upana wake unalingana na wa pini zako, ndiyo maana uliweza kuzitia, lakini mguu umezidi kimo cha mfereji na waya umezidi tundu la kutokea. Usilazimishe kifuniko, utapanua mdomo wa stepla na hapo ndipo utaiua kweli. Kijana hakukudanganya kwamba ni nzito. Alichosahau ni kukuuliza mashine yako ni ipi.

Rudi dukani uombe 24/6. Kabla hujaenda, angalia chini ya kitako au ndani ya mfereji, nyingi zimechorwa namba zinazokubali. Ukiona na 24/8 imeandikwa, chukua boksi moja la hizo pia.

26/6 za kwenye droo zitaingia kwenye stepla nyingi zinazotumia 24/6, usizitupe. Barua ya kurasa mbili tatu zinatosha. Lakini ukizipeleka kwenye karatasi ishirini, waya mwembamba unashindwa kupenya, unajikunja juu. Nadhani nusu ya kukwama kwako kunatoka hapo.

Nusu nyingine ni hesabu. Rimu ya karatasi za gramu 80 ni karatasi 500 na ina kimo cha kama sentimita 5. Gawanya: kila karatasi ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Karatasi 20 ni milimita 2. Mguu wa 6 ukipita hapo unabaki na 4 za kukunjika, safi kabisa. Karatasi 40 ni milimita 4, umebakiwa na 2, na milimita 2 za waya haziwezi kukunjika zikashika. Hapo bado hujaweka kivuli cha kitambulisho kilichokunjwa mara mbili na ripoti ya mthamini yenye jalada gumu. Hata ungekuwa na mikono ya mbeba magunia, pini ya 6 haishiki hiyo fomu.

Ngoja nile, narudi kwenye kukwama.

Kiroboto_wa_Posta

Mzee shikamoo. Sijui nilikuja humu kucheka au kusoma fizikia.

Kwani kabla ya hizi mashine ofisi zilikuwa zinabanaje?

MzeeMasjala

Marahaba. Uzi, utepe, gundi, pini za cherehani, na nta ya kubandikia mihuri. Mmarekani mmoja, George McGill, alipata hataza mwaka 1879 ya mashine iliyopenyeza waya na kuukunja kwa pigo moja. Ilikuwa inabeba pini moja tu, yenye upana wa nusu inchi. Unabana, unatia nyingine, unabana. Na upana huo wa nusu inchi ndio karibu sawa na wa pini alizonazo binti huyu leo, pima kwa rula.

Turudi kwenye kazi.

Kukwama. Inua mkono wa juu mpaka mwisho, rudisha nyuma kile kisukumio cha springi, kisha pindua stepla juu ya gazeti uikung'ute. Utaona vipande vya pini mbili mbili, tatu tatu, masalia ya mikanda iliyokatika. Hivyo ndivyo vinavyolala kiubavu na kuziba. Halafu tazama tundu la mbele. Mara nyingi kuna pini moja imejipinda kati ya ukuta wa mbele na lile bapa linalopiga. Itoe kwa bisibisi nyembamba au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, ukiisukuma kutoka juu kwenda chini. Usitumie ncha ya kisu, huvunjika ikabaki humo humo. Na mdomo wa stepla usiuelekeze usoni, kuna springi hapo.

Pini za mkanda zimeshikanishwa kwa gundi. Ile gundi inapukutika na kujikusanya kwenye mfereji miaka na miaka, ikichanganyika na vumbi kisukumio kinakuwa kizito. Futa kwa kitambaa kikavu. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, na kingine kidogo kwenye springi. Nasema tone. Baada ya hapo bana karatasi chakavu mpaka uone tundu halina doa la mafuta, ndipo uguse fomu ya mwanachama.

Namna ya kubonyeza nayo ina neno. Stepla ya chuma inakaa mezani, haishikwi hewani. Linganisha karatasi kwa kuzigonga juu ya meza pande mbili, zisogeze mpaka zifike, weka kiganja pale mbele kabisa juu ya pini, usiweke katikati ya mkono, kisha bonyeza moja kwa moja hadi chini bila kusita. Ngumi sitaki. Mwenye ngumi anagonga pembeni, bapa linashuka mshazari. Na mwenye kusita ni mbaya zaidi: anabonyeza nusu, anaachia, anabonyeza tena. Ile pini ya kwanza bado iko mlangoni haijatoka, ya pili imeshasogea nyuma yake, zinakuwa mbili kwenye tundu la moja. Hiyo ndiyo ya pili na ya tatu uliyoieleza.

Mwisho, na hili wengi hawataki kulisikia. Fomu ya kurasa arobaini usiibane kwa stepla. Wewe unataka kila kitu cha mwanachama kishikane kwa pini moja, na hiyo si kazi ya pini. Pini ni ya karatasi za jambo moja: barua ya mwajiri na kiambatisho chake, fomu ya mdhamini na kivuli cha kitambulisho chake, ripoti ya mthamini peke yake. Vifungu hivyo vikishabanwa, vitoboe pembe ya juu kushoto, vipitishe kamba ya faili, kila kifungu kipe namba yake ya folio, yaani namba ya mfuatano ndani ya faili, pembeni juu kulia. Mkaguzi akiomba fomu ya mdhamini wa pili unamwambia folio namba fulani. Akitaka kuitoa apige kopi, anatoa hiyo tu, hafumui faili zima.

Na kwa kuwa tundu la kamba liko pembe ya juu kushoto, pini isikae hapo hapo. Isogeze chini kidogo, iweke mshazari. Panchi ikikutana na pini, jino linabutuka, na kila tundu utakalotoboa baada ya hapo litakuwa na mashavu.

FundiKopi_Mazimbu

Nimesoma yote ya mzee, sina cha kupinga. Niongeze upande wa dukani.

Hapa Morogoro nina duka la kopi karibu na chuo, tunabana ripoti za wanafunzi kutwa. Hizo 23/8 dada usizirudishe kwa ugomvi. Kama hujafungua boksi kijana atabadilisha, na kama umefungua wape jirani mwenye duka la kopi, anazitaka. Sisi tunakaa na 23/8, 23/10, 23/13 na 23/17, na mashine yenyewe ina mkono mrefu na kizuizi cha kupimia ukingo. Kanuni tunayotumia: kimo cha karatasi, ongeza milimita 3 au 4, hiyo ndiyo pini yako. Karatasi 60, chukua 23/10. Mia moja, 23/13. Ukitia ndefu kupita kiasi miguu inakutana nyuma na kupandana, kinatokea kinundu, ripoti hailali.

Kwa hiyo kama SACCOS inaweza kupata moja ya hizo, hata ya mkononi mwa mtu, mikopo mikubwa mtabana wenyewe. Ila kwa faili la kuhifadhi naungana na mzee, kamba.

Kitu kimoja mnachotufanyia ninyi watu wa maofisini, nikiseme. Mnaleta fomu ipigwe kopi, mnasema "nimeshatoa pini". Kumbe imetoka nusu, kipande kimebaki kwenye karatasi ya tatu. Nikiiweka kwenye kile kilishio cha juu cha mashine, karatasi inavutwa na waya unapita juu ya kioo chembamba pembeni. Kioo kikipata mchirizi, kila kopi inayotoka ina mstari mweusi kutoka juu mpaka chini. Wateja wanasema wino mbovu. Kioo hicho si cha bei ya pini. Siku hizi kila fomu iliyobanwa naipapasa pembe kwa kidole gumba kabla sijaiweka, na mezani nina sumaku ya spika bovu. Naipitisha juu ya meza, pini zote zilizodondoka zinapanda. Tafuta na wewe, mafundi redio wanazo za kutupa.

Kaskazi_MSA

Shikamoo mzee wangu wa masjala. Mie niko Mombasa, nafanya kazi kwa wakala wa forodha. Karatasi ndizo chakula chetu.

Hamjagusia kutu, na Tanga ni pwani kama huku. Pini za kawaida zimepakwa zinki, lakini waya hukatwa ukishapakwa, kwa hiyo zile ncha za miguu ziko wazi. Chumvi ya baharini na joto, ukiweka faili kwenye kabati lililo ukutani upande wa mvua, masika mbili tatu wakuta kila pembe ina alama ya hudhurungi mbili, na karatasi pale imekuwa unga. Hati ya kiwanja yaharibika hivi hivi waiona.

Mie nashauri vibanio vya plastiki kwa asili za hati. Ziko pia pini za chuma kisichoshika kutu, lakini bei yake yauma na si kila duka wazipata.

MzeeMasjala

Marahaba ndugu yangu wa Mombasa. La kutu umenena, na ncha zilizo wazi ndizo zinazoanza, ni kweli. Hati ya kiwanja asilia haipigwi pini hata siku moja, wala tundu. Inakaa kwenye bahasha, bahasha ndiyo inayotobolewa. Kivuli ndicho kinachobanwa na fomu.

Kwenye vibanio tutagombana kidogo. Kibanio kinateleza. Faili likitembea kutoka meza ya afisa mikopo kwenda ya mhasibu, kwenda kwa bodi, kurudi, kuna karatasi itabaki njiani. Tena kibanio kina mdomo wazi, kinanasa karatasi ya faili jingine kinaondoka nayo, na hapo hakuna atakayejua imepotelea wapi. Kwenye masjala karatasi iliyohama faili ni sawa na iliyoungua, tofauti ni kwamba iliyoungua hutaendelea kuitafuta. Mimi nachukua alama ya kutu kuliko karatasi iliyopotea. Kabati litoke ukutani, lipate hewa nyuma, basi.

Kaskazi_MSA

Hapo mzee sikubishii moja kwa moja, ila sisi faili zetu hazitembei, ni mtu atembeaye kwenda kwa faili. Labda ndiyo tofauti. Hati ikishafika masjala yetu haitoki chumbani.

BintiChumbageni

Wakuu shikamooni wote mnaostahili.

Kibati kimezunguka! Kitufe kilikuwa kimejaa vumbi la wino, nikakisukuma kwa mwisho wa kalamu, kikazunguka. Miguu inakunjika ndani. Nimekung'uta mfereji, mzee, vimetoka vipande vya pini hata vya rangi ya shaba ambavyo sijawahi kuvinunua mimi wala aliyenitangulia. Chini ya kitako imeandikwa 24/6 na 26/6, hakuna 24/8. Kijana wa dukani kanibadilishia bila neno, nilikuwa sijavunja mikanda mingi. Kurasa ishirini na mbili zimebanwa kwa kiganja kimoja.

Meneja kakubali kamba za faili kwa mikopo mikubwa. Alikuwa anaona ni mambo ya serikalini, nikamwonyesha maelezo ya folio, akasoma mpaka mwisho.

Maswali mawili ya mwisho, mnivumilie. Fomu za zamani zina pini zilizoshika kutu kama alivyosema ndugu wa Mombasa. Nikitoa kwa kile kidude cha meno, pembe inabaki na meno hayo. Nizitoeje? Na wanachama wanaleta picha za pasipoti na risiti za EFD, zile za mashine za kodi, mtangulizi wangu alikuwa anazipiga pini zote. Hiyo ni sawa?

MzeeMasjala

Kile kidude cha meno ni cha karatasi mpya. Kwa karatasi iliyozeeka kiache. Geuza fomu upande wa nyuma, penyeza chini ya miguu ya pini kipande cha plastiki ngumu, ile ya jalada la faili inafaa, ili usikwaruze karatasi. Nyanyua mguu mmoja kwa kisu cha kupakia siagi, kile butu, unyooshe usimame. Mguu wa pili hivyo hivyo. Ikishasimama yote miwili, geuza mbele, ingiza ubapa chini ya mgongo wa pini uinyanyue taratibu ikiwa imenyooka. Kutu ikiwa imeshika karatasi usivute, itikise kidogo kidogo pande mbili mpaka iachie. Na usibane tena kwenye tundu lile lile, sogea pembeni penye karatasi nzima.

Kazi hii usiifanye kwa fomu zote. Fanya kwa mikopo ambayo bado hai na zile wakaguzi watakazozitaka. Zilizolipwa zikafungwa ziache zilale na kutu yake.

Picha ya pasipoti ni gundi, hata kama mwenye picha amekunja uso. Pini ikipita kwenye picha, ile rangi ya juu inapasuka na ufa unatembea mpaka usoni. Andika jina na namba ya mwanachama nyuma ya picha kwa penseli kabla hujabandika, maana gundi nayo huachia.

Risiti ya EFD ina mambo yake. Ile si wino, ni karatasi inayobadilika rangi kwa joto. Ukiiacha dirishani au ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki kwa muda mrefu inafifia, siku ya ukaguzi unampa mtu karatasi nyeupe. Piga kivuli siku ile ile inapofika, kivuli na risiti vibanwe pamoja, risiti mbele. Pini iwe kwenye ukingo mtupu, isipite juu ya kiasi, tarehe, wala ule mraba wa msimbo wa kuhakiki, kwa sababu tundu moja tu pale na simu inaweza kugoma kusoma.

FundiKopi_Mazimbu

Kwenye risiti nami naunga mkono. Tena wakati wa kuipiga kopi ongeza weusi kidogo, usisubiri ifike hali ya kutosomeka. Tunaletewa za miezi mingi nyuma, hata mashine ifanye nini hakuna cha kukamata.

Kiroboto_wa_Posta

Dada, kuhusu chuma chakavu nimefuta kauli. Ila nauliza kwa niaba ya rafiki: hiyo stepla mnauza?

BintiChumbageni

Haiuzwi. Nimeipaka alama ya rangi ya kucha kwenye kitako, maana tangu ianze kubana vizuri mhasibu ameanza "kuiazima dakika mbili" na hairudi mpaka niifuate. Ahsanteni sana wakuu, mzee hasa. Mkopo wa kwanza wenye kamba umeshaingia kabatini, na kabati tumelisogeza, nyuma yake tumekuta mtangulizi wangu alikuwa ametuachia boksi zima la 24/6 halijafunguliwa.